Miaka sita ya Lucinda Williams: nani hasa aliichelewesha albamu?

Kila anayeizungumzia albamu ya Car Wheels on a Gravel Road, ya mwimbaji na mtunzi wa Marekani Lucinda Williams, huanza na kalenda. Albamu yake ya Sweet Old World ilitoka 1992, na hii iliyoifuata ikatoka tarehe 30 Juni 1998. Katikati pana miaka sita, studio za miji mitatu, na nyimbo zilizorekodiwa zikaachwa, kisha zikarekodiwa tena. Hukumu huja upesi: Lucinda Williams ni mgumu, haridhiki, hubomoa akishajenga. Hukumu hiyo ina ukweli kiasi, ila imebebeshwa mzigo usio wake. Ukizipanga tarehe kwa utulivu utaona kuna ucheleweshaji wa aina mbili. Upo wa studio, uliokuwa na sababu ya kiufundi na ukazaa matunda. Na upo wa ofisini, ambao masikio ya mwimbaji hayakuhusika nao hata kidogo.

Tuanze na ofisi, maana ndiko balaa lilikoanzia. Williams alizaliwa Lake Charles, Louisiana, mwaka 1953. Baba yake, Miller Williams, alikuwa mshairi na mhadhiri, na kazi za vyuo ziliihamisha familia mji hadi mji katika majimbo ya Kusini mwa Marekani. Lucinda alitoa albamu mbili kupitia kampuni ya Folkways, moja 1979 na nyingine 1980, zikapita kimya. Baada ya hapo akazungusha nyimbo zake za majaribio kwa kampuni kubwa. Los Angeles wakamwambia ni kantri mno kwa soko la roki. Nashville wakamwambia ni roki mno kwa soko la kantri. Aliyekubali kumchukua ni Rough Trade, kampuni ya Uingereza iliyojijengea jina kwa bendi za panki, ambayo mwaka 1988 ilitoa albamu yenye jina lake mwenyewe. Mwaka 1991 Rough Trade ikafilisika. Sweet Old World ikatolewa na Chameleon, na Chameleon nayo ikafunga milango 1993. Kwa hiyo kabla hata ya kuandika mstari mmoja wa mkataba mpya, kampuni mbili zilikuwa zimeshamfia mikononi.

Na bado hakuna aliyeweza kusema nyimbo zake haziuziki. Passionate Kisses, wimbo wake wa mwaka 1988, uliimbwa upya na Mary Chapin Carpenter, ukapendwa redioni, na mwaka 1994 ukampa Williams Grammy ya wimbo bora wa kantri kama mtunzi. Nashville ilikuwa tayari kununua maneno yake. Sauti yake ndiyo waliyoshindwa kujua waiweke wapi.

Kazi ya albamu mpya ilianza 1995 mjini Austin, Texas, chini ya American Recordings, kampuni ya mtayarishaji wa muziki Rick Rubin. Mtayarishaji alikuwa Gurf Morlix, mpiga gitaa aliyekuwa naye kwa takriban muongo mmoja na aliyeshiriki kuzitengeneza albamu zake mbili zilizotangulia. Besi ilikuwa kwa John Ciambotti, ngoma kwa Donald Lindley. Watu hao walijuana kiasi kwamba wimbo ungeweza kukaa sawa baada ya kupigwa mara mbili tatu tu. Albamu ikafika mahali pa kuitwa karibu imekamilika. Kisha Williams akaalikwa kuimba wimbo mmoja na mwimbaji mwenzake Steve Earle katika albamu ya Earle ya I Feel Alright, iliyotoka 1996. Aliposikia jinsi Ray Kennedy, fundi aliyekuwa akifanya kazi na Earle, alivyoirekodi sauti yake, hakuweza tena kuzivumilia tepu za Austin.

Hapo ndipo wasimulizi wengi humcheka, na hapo ndipo penye jambo la kujifunza.

Sauti ya Williams si ya kupaa. Ni nzito kidogo, ina mikwaruzo, huvuta irabu za Louisiana na kuingia nyuma kidogo ya mdundo. Sauti kama hiyo ina tofauti kubwa kati ya neno linalosemwa kwa nguvu na neno linalomezwa, na mara nyingi lile la kumezwa ndilo lenye uzito. Ukimweka hatua moja mbali na maikrofoni katika chumba chenye mwangwi, ukamruhusu mpiga ngoma apige kwa mkono mzito, maneno yaliyomezwa hupotea. Fundi akijaribu kuyaokoa kwa kupandisha sauti yote, yale ya nguvu yanachoma masikio.

Dawa ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kwanza ni ukaribu: mdomo uwe kama sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni ya kuelekea upande mmoja. Umbali huo huongeza sauti za chini, na kifua cha mwimbaji kikasikika. Pili ni kompresa, kifaa kinachobana tofauti kati ya kelele na mnong'ono. Ikipangwa kwa uwiano wa 4 kwa 1, kila desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazovuka kiwango kilichowekwa zinatoka kama desibeli 1. Ukishabana vilele, unaweza kuinua kiwango cha jumla, na mnong'ono unapanda juu bila kelele kupasua spika. Msikilizaji anahisi mtu ameketi mbele yake.

Ubaya wake nao ni mwingi. Kompresa haichagui cha kuinua. Pumzi, mate, mlio wa kiti, mdundo unaovuja kutoka kwenye hedifoni, vyote vinapanda pamoja na mnong'ono. Herufi s na sh zinageuka sindano. Ikibana haraka mno, inakata mwanzo wa neno, na mwimbaji anasikika kama aliyefunikwa kitambaa. Ikiachia polepole mno, mstari unaofuata unaanza ukiwa bado umelala. Kuipata sehemu ya katikati ni kazi ya sikio la fundi, na ndiyo maana studio mbili zenye vifaa vilevile hutoa matokeo yasiyofanana.

Wasikilizaji wa Kenya waliolelewa na Jim Reeves kwenye redio za Jumapili wanaijua mbinu hii hata kama hawajawahi kuisikia ikielezwa. Reeves alifika mbali kwa kuacha kupaza na kuimba taratibu karibu kabisa na maikrofoni. Lakini yeye alizungukwa na vinanda laini na waitikiaji wa kwaya, vitu vinavyojua kumpisha mwenye nyumba. Williams alitaka ukaribu uleule huku nyuma yake kuna gitaa za umeme, slaidi na ngoma za roki. Ndiyo ugumu wa kantri roki kwa jumla: nusu ya kwanza ya jina inadai kila neno lisikike, nusu ya pili inadai bendi isinyamazishwe.

Swali linalofuata ni la mtu mwenye busara: kwa nini basi asirudie kuimba tu, akaacha ala kama zilivyo? Kwa sababu ala zilipigwa kuifuata sauti ile ya kwanza. Mpiga ngoma aliyesikia sauti ya mbali kwenye hedifoni alipiga kwa nguvu ya kujaza nafasi. Gitaa zilipangwa masafa ya kati, palepale sauti ya binadamu inapokaa. Ukileta sauti mpya, ya karibu na nzito kifuani, inagongana na gitaa katika kila mstari. Unapunguza gitaa, ngoma zinabaki peke yake zikipiga kelele. Unapunguza ngoma, wimbo unapoa. Zaidi ya hapo, mwimbaji anayejikokota nyuma ya mdundo hawezi kujikokota vilevile juu ya mdundo uliokwisha kugandishwa kwenye tepu. Bendi iliyo chumbani humsikia akichelewa na kumsubiri. Tepu haisubiri mtu. Kwa hiyo kazi iliyoanza Nashville kama marekebisho, mikononi mwa Earle na Kennedy, ikageuka kuwa kurekodi upya.

Gharama ya uamuzi huo haikuwa ya fedha tu. Morlix aliondoka, na ushirikiano wake na Williams ukaishia hapo. Siamini kwamba tepu zake zilikuwa mbovu. Nakala zilizozagaa miongoni mwa mashabiki zinaonyesha bendi iliyoiva, na kuna anayezipenda kuliko toleo lililouzwa. Kilichokosekana ni kwamba mwimbaji hakujisikia yumo ndani yake, na kwa mtunzi anayetegemea neno moja moja, hiyo si anasa.

Earle na Kennedy walifanya kazi kwa kasi, kwa vifaa vya zamani, wakitaka bendi icheze pamoja chumbani. Lakini Earle alikuwa na albamu yake na ziara zake, na muda wake ukaisha kabla ya kazi. Awamu ya tatu ikahamia Los Angeles kwa Roy Bittan, mpiga kinanda wa E Street Band ya Bruce Springsteen, aliyesimamia nyongeza na umaliziaji huku akiongeza kodiani na ogani. Wageni wakapita mmoja mmoja: Emmylou Harris akaitikia katika Greenville, na Buddy Miller, Charlie Sexton, Greg Leisz na Jim Lauderdale nao wamo. Kwa karatasi hiyo, albamu ilipaswa kusikika kama shuka la viraka. Haikuwa hivyo, kwa sababu sauti ya mbele imekaa mahali pamoja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa 13, na kila kilichoongezwa kilipimwa kwa kuiuliza yenyewe kwanza.

Mtu asiyejua mikataba anaweza kudhani kampuni ndiyo inayoumia msanii anaporekodi mara mbili. Kwa desturi ya mikataba ya Marekani, gharama za studio ni mkopo unaokatwa kwenye mgawo wa msanii. Chukua mfano wa hesabu tu, si mkataba wake: mgawo wa asilimia 12 kwa bei ya dola 10 ni dola 1.20 kwa nakala. Studio ikila dola 300,000, lazima ziuzwe nakala 250,000 ndipo mwimbaji aione senti ya kwanza. Mtayarishaji akichukua asilimia 3 kutoka kwenye zile 12, hesabu inapanda hadi nakala zaidi ya 333,000. Watayarishaji wakiwa wengi, piga mwenyewe. Anayerekodi upya kwa masharti hayo anakata kwenye mfuko wake, na watu hawafanyi hivyo kwa kudeka.

Sasa turudi ofisini. Wakati kazi ya studio inaelekea mwisho, American Recordings ilikuwa katika harakati za kuhama kutoka msambazaji mmoja hadi mwingine. Albamu inapokwama katikati ya hali hiyo, mwimbaji hana la kufanya: tepu ni mali ya kampuni, na kampuni nyingine ikizitaka lazima izinunue, mawakili wakubaliane nani alipe deni gani. Mwishowe kampuni ya Mercury ndiyo iliyoichukua. Miezi yote hiyo ilihesabiwa kwenye jina la Williams. Septemba 1997 jarida la New York Times lilitoa makala ndefu juu ya albamu isiyotoka, na picha ya mwanamke anayeteswa na ukamilifu wake ikakauka kama saruji. Wahakiki wengi waliokuja baadaye walifika na picha hiyo tayari mfukoni.

Linganisha na wanaume wa fani hiyohiyo. Tom Scholz wa bendi ya Boston alikaa miaka minane kati ya albamu ya pili, 1978, na ya tatu, 1986, akaitwa mhandisi mwenye kipaji. Springsteen alitumia miezi sita kwenye wimbo mmoja, Born to Run, na miezi hiyo sasa husimuliwa kama ushujaa. Robert John Lange, aliyetayarisha Come On Over ya Shania Twain, anasifiwa kwa kurundika sauti juu ya sauti kwa muda wowote anaoutaka, na albamu hiyo ilitoka Novemba 1997 chini ya tawi la Nashville la Mercury hiyohiyo. Mwanamume akirudia kazi anaitwa fundi. Mwanamke akirudia anaulizwa ana tatizo gani. Williams mwenyewe amelisema hili katika mahojiano kadhaa, na mimi sioni pa kumpinga.

Nyimbo zenyewe zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndizo zilizodai sauti ya namna ile. Wimbo uliobeba jina la albamu hauna maelezo ya hisia hata moja. Kuna jikoni la nyumba mjini Macon, redio inamwimbisha Loretta Lynn, nyota wa kantri, harufu ya kahawa na mayai, kisha gari. Mtoto wa miaka minne au mitano yuko kiti cha nyuma anatazama nguzo za simu na mashamba ya pamba yakipita. Watu wazima wanasema maneno ambayo yeye anayasikia vipandevipande tu. Uso wake una vumbi lililochanganyika na machozi. Basi. Miller Williams alipousikia alimtambua mtoto yule na kumwomba binti yake radhi, jambo ambalo Lucinda amelieleza mara nyingi. Binti alisema hakujua kwamba alikuwa anaandika juu yake mwenyewe.

Imba wimbo huo kwa sauti ya kupaa, na umeuharibu. Hauna kilele cha kupaa nacho. Kiitikio ni sauti ya magurudumu kwenye changarawe, ikirudi na kurudi, na kila inaporudi unaijua zaidi maana ya kuondoka. Fundi anapaswa kuhakikisha kwamba neno la mwisho la ubeti linasikika hata likisemwa kwa nusu pumzi.

Drunken Angel ni maombolezo ya Blaze Foley, mwimbaji wa Austin aliyepigwa risasi na kufa Februari 1989, na katika maneno yake mna viatu vilivyofungwa kwa tepu nene ya gundi, alama aliyojulikana nayo Foley hata jeneza lake likabandikwa tepu hiyo na rafiki zake. Lake Charles unamlilia mpenzi wa zamani aliyefariki. Williams anataja barabara, miji na ziwa kwa namna ambayo mtu wa Louisiana anaweza kuifuata kwa ramani. Jackson unafunga albamu kwa orodha ya miji, na kila mji ni mahali ambapo mwimbaji anajidanganya kuwa atakuwa amekwisha kumsahau mtu. 2 Kool 2 Be 4-Gotten ulichochewa na picha za Birney Imes za vilabu vya pombe vya watu weusi huko Mississippi. Majina ya mahali yanafanya kazi ambayo waandishi wengine huwaachia vivumishi.

Si kila kitu kimekaa. I Lost It alikwisha urekodi mwaka 1980, na sioni toleo la 1998 limeongeza nini zaidi ya ngoma zilizonyooka. Still I Long for Your Kiss lina toleo jingine, lililotumiwa katika filamu ya The Horse Whisperer mwaka huohuo, na yule anayetaka kulisikia analipata katika toleo la albamu la mwaka 2006. Nalipenda zaidi hilo la filamu. Can't Let Go, ulio maarufu kuliko karibu zote, haukutungwa naye bali na Randy Weeks. Na Joy, wenye rifu moja na mstari mmoja unaorudiwa kwa hasira, ni mzuri jukwaani kuliko kwenye diski, pale bendi inapoweza kuuvuta kadiri ipendavyo.

Mapokezi yalikuwa ya ajabu kwa jinsi yalivyogawanyika. Wahakiki waliopiga kura katika Pazz & Jop, kura ya kila mwaka ya gazeti la Village Voice, waliiweka ya kwanza kwa mwaka 1998. Kwenye Billboard 200, chati ya mauzo ya albamu Marekani, haikuingia hata katika 50 za juu. Redio za kantri, ambazo baada ya sheria ya mawasiliano ya 1996 zilikuwa zikinunuliwa na makampuni makubwa na kupewa orodha za nyimbo kutoka makao makuu, hazikuwa na nafasi ya mwanamke wa miaka 45 mwenye sauti ya mikwaruzo. Ilibaki midomo ya watu, redio za vyuo na redio za umma, ziara, na jarida kama No Depression, lililoanzishwa 1995 kwa ajili ya muziki wa aina hii hasa. Polepole nakala zikafika 500,000 nchini Marekani na albamu ikapata hati ya dhahabu. Mwanzoni mwa 1999 ikashinda Grammy ya albamu bora ya muziki wa asili (folk) wa kisasa.

Angalia hapo. Tuzo ya 1994 ilikuwa ya kantri. Ya 1999 ikawa ya muziki wa asili. Ya 2002, kwa wimbo Get Right with God, ilikuwa ya uimbaji wa roki. Mtu mmoja, gitaa lilelile, masanduku matatu. Majibu aliyopewa Los Angeles na Nashville miaka ya 1980 yalikuwa bado yanatolewa, safari hii yakiwa yamefungwa kwa utepe.

Baada ya Mercury kumezwa katika muungano wa Universal, Williams alihamia Lost Highway, kampuni ndogo ndani ya kundi hilohilo. Essence ilitoka 2001. World Without Tears ikatoka 2003, sehemu kubwa ikiwa imerekodiwa bendi ikipiga pamoja kwa wakati mmoja katika jumba la zamani mjini Los Angeles. West ikatoka 2007, Little Honey 2008, Blessed 2011. Albamu tano katika miaka kumi, kutoka kwa mwanamke yuleyule aliyeambiwa hajui kumaliza kazi, na zote tano zilitoka mlango mmoja wa kampuni ambayo haikumfilisikia.